Land Rover 109 ya marehemu mzee: niiache ilivyo au nipachike Toyota?

Mwika109

Wakuu, habari za leo.

Nina Land Rover 109 Series III, stesheni wagoni ya mwaka 1974. Mzee aliinunua kwenye mnada wa serikali mwaka 1986, nikiwa darasa la pili, akakaa nayo hadi alipofariki Novemba iliyopita. Kikao cha ukoo kilipokaa, kihamba cha nyumbani (shamba la ukoo) alipewa mdogo wangu wa mwisho kama ilivyo kwetu Uchagani, mimi nikapewa gari. Mama ndiye aliyekata shauri: "Mpeni huyu, ndiye aliyekuwa akilisukuma likigoma."

Hali yake sasa. Injini ni ileile ya petroli, silinda nne, cc 2286. Inawaka, ila asubuhi ya baridi inataka kubembelezwa. Mafuta nimepima mara tatu: kilomita tano na nusu kwa lita. Kutoka Himo kupandisha Marangu ni gia ya pili na ya tatu kwa zamu, na bodaboda waliobeba mikungu ya ndizi wananipita wakinipungia mkono. Oili inavuja sehemu nne ninazozijua. Vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma kiasi kwamba waliokaa siti za pembeni wakishuka huwatambui. Chesisi imeliwa na kutu sehemu mbili nyuma. Rangi ya kiwandani ilikuwa kijani, lakini mwaka 1991 mzee aliipaka buluu mwenyewe, kwa brashi, rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya shule aliyokuwa akifundisha. Ukisogea karibu unaona nywele za brashi zimegandia humo.

Nimeipeleka kwa fundi mmoja Arusha, kijana ana mikono mizuri, nimeona kazi zake. Mpango wake ni huu: injini itoke, iingie Toyota 3L ya dizeli na gia boksi yake. Pawa stelingi. Viti vya Toyota Mark II. Dashibodi mpya, taa za LED. Paa likatwe linyanyuke kama magari ya watalii. Nyuma kitanda, jiko la gesi na friji ndogo, bodi ipigwe nyeusi isiyong'aa, halafu niikodishe kwa wageni wanaopenda kujiendesha na kulala porini. Hesabu yake milioni kumi na nne, bila chesisi.

Mjomba anasema nikikata hilo paa nisikanyage kwake. Mke wangu anasema liuzwe tulipe ada. Mimi mwenyewe siku nyingine nalitamani lile jeusi kabisa, siku nyingine nikikaa kwenye usukani nasikia harufu ya mzee, petroli na tumbaku, naona kama nataka kumfanyia operesheni mtu aliyelala.

Waliopita njia hii wanisaidie.

KijanaWaKijenge

Pole kwa msiba mkuu.

Mimi ni dereva wa utalii mwaka wa kumi na moja. Weka 3L usijiulize mara mbili. Ni cc 2779, haina kompyuta, ndiyo ileile ya kwenye Hiace na Hilux, na hakuna kijiji nchi hii utakachokosa mtu anayeijua. Hiyo petroli yako ukiharibikiwa porini utafanyaje? Nililala Ndutu siku mbili na Series ya bosi wangu wa kwanza kwa sababu ya kondensa ya distribyuta, kitu kidogo kama kifuniko cha peni, na ndani nina familia ya watu wanne kutoka Ufaransa. Mtoto wao alilia usiku kucha, fisi wakamjibu.

Paa likatwe pia. Mgeni anataka asimame apige picha. Asiposimama kwako atasimama kwa mwingine.

Fundi Mstaafu wa Unga Ltd

Mwanangu Mwika109, pole. Nimeshika hizi gari tangu 1972, nikianza kwa kuosha spea na mafuta ya taa, kwa hiyo nivumilie nikiwa mrefu.

Kwanza wote mnazungumzia injini na paa, na gari linaoza chini. Hiyo hesabu ya milioni kumi na nne "bila chesisi" ni kama kumnunulia suti mtu mwenye mguu uliovunjika. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, haipati kutu, ndiyo maana gari linaonekana zima hata likiwa linakufa. Chuma ni chesisi na ule ukuta wa mbele unaobeba dashibodi na miguu yako. Lala chini na nyundo ndogo, gonga chesisi yote kuanzia bampa ya mbele hadi ya nyuma. Penye sauti ya kengele ni pazima. Penye sauti ya boga, weka alama ya chaki. Ukimaliza, nyanyua mazulia ugonge pembe za chini za ule ukuta, pale mguu wa dereva unapokaa. Na pale aluminiamu inapofungwa juu ya chuma utakuta unga mweupe. Hizo metali mbili zikipata maji hulana.

Angalia pia namba ya chesisi. Kwenye Series III imegongwa mbele, upande wa kulia, pale chesisi inaposhika springi. Nimeona kijana akikata kipande hicho kwa grainda akaweka bati jipya safi, akasifiwa, na mwenye gari akaja kugundua siku ya kuuza kwamba gari lake halina jina.

Injini. Kilomita tano na nusu kwa lita ni mbaya, lakini usidanganywe kwamba zimetoka kiwandani zikifika kumi. Iliyo nzima itakupa sita na nusu, ukiwa mpole utagusa saba. Kama ni kabureta ya Zenith, kifuniko chake cha juu huwa kinapinda kwa joto, petroli inapita pasipotakiwa. Kisawazishe juu ya kioo na msasa laini. Angalia platini (zile za kukatiza umeme wa plagi), angalia kama kibomba cha vakyumu cha distribyuta hakijapasuka, pima kompresheni silinda zote nne. Ukifungua silinda hedi, mwambie fundi wa mashine aweke siti ngumu za valvu za ekzosi, pale valvu zinapokalia. Injini hii ilizaliwa enzi za petroli yenye risasi, na ile petroli iliondoka huku kwetu mwanzoni mwa 2006. Tangu hapo valvu zinakula siti taratibu, na watu wanalaumu kabureta.

Sasa hiyo 3L. Siipingi, nimezifunga nyingi. Lakini muulize fundi wako swali moja: gia boksi gani? Ya Hiace ya kawaida haina transfa, basi magurudumu ya mbele utayaaga. Ya Hilux inayo, lakini difu ya nyuma ya Series haikukaa katikati, imekaa kulia, na shafti lazima ziende zinakotaka kwenda. Atakata sakafu, atahamisha krosimemba (boriti la kukatiza chesisi), atachomelea maunti mpya za kushikia injini. Baada ya hapo hata ukipata injini ya asili ya bure, pa kuirudisha hakuna. Njia nyingine ni kuacha gia boksi ya Land Rover mahali pake na kuunganisha injini kwa bamba la adapta, maunti zikafungwa kwa bolti. Ukichoka, unafungua bolti. Ile 3L haina nguvu za kutisha, gia boksi itaivumilia ukiendesha kama mtu mzima. Asikudanganye mtu uweke 1HZ ya Toyota, lita nne na zaidi, gia zitatapika.

Kama ni lazima dizeli, ulizia 200Tdi ya kwenye Discovery ya kwanza. Cc 2495, na ni mjukuu wa hiyo injini yako, bloku ni ya ukoo uleule, kwa hiyo inakaa kwenye gia boksi ya Series bila ugomvi mkubwa. Ukorofi wake ni ekzosi, tabo na rejeta, vinagombania nafasi.

Paa. Hapo namuunga mkono mjomba wako. Una paa la tropiki kweli? Bati mbili, hewa inapita katikati, na vile vitundu vyenye vifuniko ndani unavyofungua kwa kidole? Wale watu wa Solihull, kiwandani kwa Land Rover kule Uingereza, walikaa wakafikiria jua letu. Ukikata hapo unaleta turubai, na turubai huvuja, na kwa joto lake utaanza kutafuta AC, na AC itataka injini kubwa. Umeona tulikofika.

Breki badilisha bila kuuliza mtu. Kama ni za laini moja, weka laini mbili na busta. Mikanda kila kiti. Hapo hakuna mambo ya asili, kuna watoto wa watu.

Jambo la mwisho. Umesema mzee alikuwa mwalimu. Kabla gari halijaenda kwa mpaka rangi, toa viti vya mbele, fungua vifuniko vya masanduku ya zana yaliyo chini yake, tazama upande wa ndani wa hivyo vifuniko. Msasa ni mwepesi kuliko majuto.

KijanaWaKijenge

Shikamoo mzee. Ya gia boksi nimekubali. Lakini unamwambia abaki na petroli ya kilomita saba kwa lita, na ada nani atalipa? Ukarabati wa moyo mtupu ni wa watu wenye gari lingine la kwenda kazini.

Fundi Mstaafu wa Unga Ltd

Marahaba. Sijamwambia abaki nayo. Nimemwambia aanze chini.

BintiWaKisauni

Hodi humu. Mimi ni mtu wa Mombasa na gari langu lilikuwa la Kifaransa, mtanivumilia.

Babangu alikuwa na Peugeot 504 stesheni wagoni, nyeupe, siti safu tatu. Alikuwa akisema alilipenda tangu 504 iliposhinda Safari Rally mwaka 1975, na iliposhinda tena 1978 akaanza kuweka akiba. Alipokosa macho ya kuendesha, alinipa mimi, ndugu zangu wa kiume wakanuna mwaka mzima.

Nililitengeneza. Nilipenda kila kitu nilichofanya, siku nilipokuwa nikifanya. Injini ya Toyota. Gia ya pale kwenye usukani ikang'olewa, ikaletwa ya chini. Viti vya ngozi. Rangi ya fedha yenye kumetameta. Siku nilipolitoa gereji nikaenda nalo nyumbani nikapiga honi, ambayo pia nilikuwa nimeibadilisha. Babangu akatoka na fimbo yake, akalizunguka, akalipapasa boneti, akapapasa kiti, akauliza kwa adabu kabisa: "Na hili ni la nani, mwanangu?"

Haoni vizuri, nikajiambia. Lakini mkono wake ulikuwa ukiona.

Niliuza baada ya miaka miwili. Aliyenunua alilipa kama analipia Toyota kuukuu, maana wapenda 504 hawakulitaka na wapenda Toyota hawakulitaka. Hilo nalo kaka ulitie kwenye hesabu zako.

Nina swali ambalo hakuna aliyeuliza hapa. Mnasema "asili". Asili ipi? Ya kijani cha Uingereza au ya buluu ya mzee? Babangu alikuwa ameweka vipini vya mbao vya kufungulia vioo, alivichonga mwenyewe vya plastiki vilipovunjika. Fundi aliyejali "asili" angevitupa pia, akaagiza vya Ufaransa.

MpembaWaBirmingham

Jamani mimi niko dakika ishirini na Solihull, na kila Jumapili huwaona wazee wa hapa wakigombana kwa jambo hili hili, tena kwa hasira zaidi ya wanavyogombania mpira.

Kwa faida ya mwenye mada: kwa miaka mingi idara ya usajili wa magari ya hapa, DVLA, ilikuwa na hesabu ya pointi kuamua kama gari lililobadilishwa bado ni lilelile na linastahili kubaki na namba yake. Chesisi ilipewa pointi 5. Springi na vya kwake 2, eksili 2, gia boksi 2, stelingi 2. Injini pointi 1 tu. Ulitakiwa upate 8. Yaani hao Waingereza wenyewe waliotengeneza gari hawakuihesabu injini kama roho. Waliihesabu chesisi. Fundi Mstaafu amesema jambo hilo hilo bila kusoma sheria ya mtu.

Na FIVA, shirikisho la dunia la magari ya kale, lina waraka wake unaoitwa Hati ya Turin. Wanahimiza kuhifadhi kuliko kufanya upya, na ukibadilisha kitu, kiwe kinaweza kurudishwa na kionekane kimebadilishwa, usimdanganye atakayekuja.

Mimi ningerudisha kijani. Dada wa Kisauni anisamehe, buluu ya madirisha ya shule si rangi ya gari.

BintiWaKisauni

Nimekusamehe sheikh, ila hujaniambia kwa nini.

MpembaWaBirmingham

Nimekaa nalo tangu asubuhi. Sina jibu zuri. Nadhani ni kwa sababu kijani naweza kukiagiza kwa namba.

Mwika109

Wakuu, nimepotea wiki tatu, samahanini. Nitaeleza kwa urefu kwa sababu wengi mmeniandikia pembeni.

Nimegonga chesisi kama mzee alivyosema. Alama za chaki kumi na moja, si mbili. Namba ipo, inasomeka, nimeipaka grisi.

Nimefungua masanduku. La upande wa abiria lilikuwa na jeki, panya wawili waliokauka na hendeli ya kuwashia. La upande wa dereva, kifuniko chake kwa ndani kimejaa maandishi, kwa penseli, mwandiko wa ubaoni. Kuanzia 1986 mpaka penseli ilipokosa nafasi, akaendelea kwenye ukuta wa sanduku. Nyingi ni oili, filta, tairi, breki shuu. Lakini zipo nyingine. "3/5/89 usiku. KCMC. Msichana. Wote wazima." Huyo ni dada yangu anayenifuata, aliyezaliwa hospitali ya KCMC, Moshi. "Mvua. Same hadi Mwanga saa 5." Na hii, 8/1/92: "Imegoma Kifaru. Platini. Kijana kasukuma peke yake."

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Naikumbuka siku hiyo. Hakuniambia neno mpaka tunafika nyumbani, nikadhani amekasirika.

Basi, nilichoamua mpaka sasa, na si kwamba nimemaliza kufikiri. Chesisi kwanza, imeshachomelewa upande wa nyuma, na pesa nyingi zimeishia hapo. Breki laini mbili na busta, mikanda. Injini ya petroli nimeifungua hedi, siti ngumu zimewekwa, kabureta imesawazishwa kwenye kioo cha kabati la mke wangu (bila ruhusa). Imenipa sita na nusu kama ulivyotabiri mzee, na Marangu napanda na gia ya tatu zaidi ya ya pili. Bodaboda bado wananipita, ila hawanipungii tena. KijanaWaKijenge, hoja yako ya ada haijanitoka. Nimepata 200Tdi ya kuchomoa, bado sijailipia. Nikiifunga itakuwa kwa bolti tu, na hii ya petroli nitaiweka stoo juu ya mbao, imefungwa nailoni. Na nitaenda TRA, mamlaka ya mapato, maana kadi ina namba ya injini ya zamani, sitaki trafiki wa Himo anisomeshe.

Paa halikatwi. Badala yake nimechonga keria ya kubeba hema la juu, inakaa kwenye ile mifereji ya pembeni ya paa. Kitanda ni masanduku mawili ya mbao yanayofungwa kwenye matundu yaleyale ya siti za pembeni, nikiyatoa siti zinarudi. Jiko na friji ndani ya sanduku moja, betri yake ya pili na waya zake peke yake, sijachovya kwenye waya za gari. Viti vya Mark II nimevikataa, nimeshona vya zamani upya kwa ngozi bandia nyeusi. Fundi wangu wa Arusha amekuwa mpole ghafla, anasema hajawahi kufanya kazi ambayo mteja anamwomba afanye kidogo.

Rangi: imebaki buluu. Tumeiosha, tumeiziba ilipobanduka, kwa brashi. Kijani nimekiacha chini ya dashibodi kilipokuwa. Mpemba utanisamehe na wewe. Mke wangu kaliangalia akasema sasa linafanana na shule ya msingi. Nimekubali.

Nina ombi. Vile vioo virefu vyembamba vya pembeni mwa paa, cha kulia changu hakipo. Mzee alikiziba kwa bati la debe la mafuta ya kula, akalipiga ribiti vizuri sana, maandishi ya kampuni bado yanasomeka kwa ndani. Mwenye kioo cha namna hiyo aniambie bei. Ila sasa nikilitazama hilo bati sijui kama niling'oe.

Fundi Mstaafu wa Unga Ltd

Linavuja?

Mwika109

Halivuji mzee.

Fundi Mstaafu wa Unga Ltd

Kioo nitakutafutia, kiweke chini ya kitanda.